Rivolva Haijitunzi Yenyewe

Ukiingia duka la silaha Marekani ukasema unatafuta bastola ya kwanza ya kuweka nyumbani, hutashangaa muuzaji akikuelekeza kwenye rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka. Atakwambia haina mambo mengi: unaingiza risasi, unafunga silinda, unavuta kifyatulio, inalia. Haina magazini ya kusahau mahali, haina swichi ya usalama ya kukuchanganya usiku, wala haikwami. Iweke kwenye droo miaka kumi, utaikuta kama ulivyoiacha. Maneno haya yamerudiwa kwa muda mrefu hadi yakageuka kanuni, na wanaoambiwa zaidi ni wanawake, wazee na watu ambao hawajawahi kushika silaha, yaani wale hasa waliostahili kuambiwa ukweli wote.

Napinga sifa hiyo. Rivolva ni silaha nzuri na nitaeleza kwa nini, lakini si silaha ya mtu asiyetaka kujifunza. Katika bastola zote za kawaida, hii ndiyo inayomtwika mwenye nayo mzigo mkubwa wa kuijua: kujua kilichomo ndani yake, kujua risasi gani ni yake na ipi si yake, na kwa wale wanaojaza maganda yao wenyewe nyumbani, kujua kila chembe ya baruti iliyoingia. Urahisi wake uko kwenye kidole tu. Kwingine kote ugumu umefichwa chini ya bati la pembeni ambalo wamiliki wengi hawajawahi kulifungua, na wengi wao ni heri wasilifungue.

Tuanze na kinachotokea kidole kinapovuta. Chukua Smith & Wesson Model 10, bastola ambayo asili yake ni mwaka 1899 na ambayo zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 6. Mvuto mmoja wa kidole unafanya kazi kadhaa kwa mpigo. Unairudisha nyundo nyuma dhidi ya springi. Unapandisha kipande kidogo cha chuma kinachosukuma nyota iliyo nyuma ya silinda, chemba inayofuata, yaani tundu linaloshika risasi, isogee. Unashusha komeo lililokuwa limeishika silinda kwa chini, kisha unaliachia lishike tena chemba mpya inapofika mbele ya mtutu. Ndipo nyundo inaachiliwa. Hiyo ni taiming, na fundi yeyote wa magari ataelewa bila kuelezwa zaidi. Ikichelewa kidogo tu, nyundo hupiga wakati chemba haijakaa sawa na mtutu, risasi inaingia mtutuni kwa ubavu na kunyolewa upande mmoja. Vipande hivyo vya madini hutoka kwa kasi kupitia mwanya ulio kati ya silinda na mtutu. Kwenye uwanja wa shabaha, jirani yako akilalamika kwamba kuna kitu kinamchoma shavuni kila unapofyatua, weka bastola hiyo chini na uipeleke kwa fundi. Usimalizie risasi zilizobaki.

Bastola ya magazini haina shida hiyo kwa sababu chemba yake ni sehemu ya mtutu wenyewe. Hakuna cha kulinganisha na kingine. Ndiyo maana mafundi wa silaha wa Marekani wana kauli ambayo naiona ya kweli: rivolva huvumilia kuachwa lakini haivumilii kuumizwa, na bastola ya magazini huvumilia kuumizwa lakini haivumilii kuachwa. Muuzaji wa dukani husema nusu ya kwanza ya kauli hiyo na kunyamazia nusu ya pili.

Na njia za kuiumiza ni nyingi, tena nyingine tumefundishwa na sinema. Ile ya kufunga silinda kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono ili igonge mahali pake ndiyo mbaya kuliko zote. Silinda ya rivolva ya kisasa imebebwa na mkono mwembamba wa chuma unaofunguka kando. Kuurusha mara kwa mara hupinda mkono huo, na ukishapinda, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, silinda haiko tena katikati. Kifyatulio kinaanza kuwa kizito kwenye chemba moja na chepesi kwenye nyingine. Mwenye bastola anadhani ni uchafu, anapaka oili, anaendelea. Silinda ifungwe kwa mkono wa pili, taratibu. Hakuna njia nyingine.

Uchafu nao una mahali pake pa hatari, na si pale watu wengi wanapopasugulia. Wengi husafisha mtutu hadi ung'ae, wakasahau sehemu ya chini ya ile nyota inayotoa maganda. Chembe chache za baruti ambazo hazikuungua, zikiangukia hapo, zinatosha kuifanya nyota isikae chini kabisa. Silinda inabanwa nyuma na bastola inagoma kuzunguka. Kwa hiyo maganda yatolewe mtutu ukiwa umeelekezwa juu, uso wa silinda ukiangalia mbinguni, na kijiti cha mbele kinachosukuma nyota kigongwe mara moja kwa nguvu, ili uchafu uanguke pamoja na maganda badala ya kubaki chini ya nyota. Mswaki mkuukuu wa meno hufanya kazi nzuri hapo kuliko vifaa vingi vya bei. Kijiti chenyewe kwenye baadhi ya bastola hulegea skrubu zake na kurefuka; kikirefuka, silinda haifunguki, na una risasi ndani. Kagua kila unaposafisha.

Kuhusu mwanya wa kati ya silinda na mtutu: lazima uwepo, la sivyo silinda isingezunguka. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.1 na 0.25, na hupimwa kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mianya vinavyotumika gereji. Moto na gesi hutoka hapo kwa pembeni kila risasi inapopigwa, na zina nguvu ya kumjeruhi vibaya anayeweka kidole mbele ya silinda. Mtu aliyezoea kushika bastola ya magazini, ambaye dole gumba lake la mkono wa pili limezoea kunyooka kuelekea mbele, anapaswa kuambiwa hili kabla ya kupewa rivolva, sio baadaye.

Hapo ndipo tunapofika kwenye risasi, na kwa maoni yangu huko ndiko tabia halisi ya silaha hii inakoonekana. Bastola ya magazini huendeshwa na risasi: nguvu ya mlipuko ndiyo inayorudisha sehemu ya juu, kutoa ganda na kupandisha risasi nyingine. Risasi ikiwa dhaifu, mtambo unakwama. Rivolva huendeshwa na kidole. Haijali kama risasi ni laini kama kofi la mtoto au kali kiasi cha kuangusha dubu, mradi chuma chake kinaihimili. Maganda hayarushwi majanini. Yanabaki ndani ya silinda mpaka uyatoe mwenyewe na kuyaweka mfukoni. Tena maganda mengi ya rivolva yamenyooka kuta zake, na shinikizo lake mara nyingi ni dogo, hivyo ganda moja la shaba linaweza kujazwa mara nyingi kabla mdomo wake haujapasuka. Ndiyo maana wanaojaza risasi nyumbani nchini Marekani hushauriwa kuanzia kwenye .38 Special, risasi ya kawaida ya rivolva. Yaani sifa ile ya kutokuwa na mtambo, ambayo muuzaji anaitaja kama sababu ya kutojali, ndiyo iliyowafanya watu makini waipende silaha hii.

Kihistoria pia rivolva ilizaliwa hivyo. Samuel Colt alipopata hataza yake ya Marekani mwaka 1836, hapakuwa na risasi ya ganda kwa bastola zake. Kila chemba ilijazwa kwa mkono: baruti nyeusi, kisha tufe la madini, kisha fataki nyuma, yaani kikofia kidogo kinachowasha baruti nyundo ikikipiga. Ganda la shaba lilikuja na Smith & Wesson mwaka 1857, wakitumia hataza ya Rollin White ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja kutoka nyuma hadi mbele, na washindani wao wakazuiwa kuiga hadi hataza hiyo ilipokwisha mwaka 1869. Watu wa maeneo mapya ya magharibi mwa Marekani, mbali na maduka, walitaka kutumia maganda yaleyale tena, na viwanda vikawauzia koleo ndogo za kujazia. Kujaza upya ni desturi ya zamani karibu kama ganda lenyewe.

Desturi hiyo ndiyo iliyozaa risasi kali za leo. Elmer Keith, mfuga ng'ombe wa Idaho aliyezaliwa mwaka 1899, alitumia miaka mingi akijaza risasi nzito kupita vipimo vya viwanda. Aliwahi kupasua bastola ya .45 Colt kwa majaribio hayo, akahamia kwenye .44 Special kwa sababu silinda za aina hiyo zina kuta nene zaidi kati ya chemba na chemba. Kelele zake kwa viwanda zilichangia kuzaliwa kwa .357 Magnum mwaka 1935 na .44 Magnum miaka ishirini baadaye. Wapo wanaomsoma Keith kama ushahidi kwamba fundi wa nyumbani anajua kuliko kiwanda. Mimi namsoma tofauti. Alipasua bastola, akauliza kwa nini, akagundua kuwa jibu liko kwenye unene wa chuma na si kwenye ushujaa wa mpigaji. Anayeiga mizigo yake mizito bila kuiga udadisi wake hajamwelewa.

Mfano wa .38 Special na .357 Magnum unaonyesha vizuri kwa nini mmiliki lazima ajue namba zilizochorwa kwenye mtutu wake. Kipenyo cha risasi zote mbili ni kilekile, inchi .357. Ganda la Magnum limerefushwa kwa takriban milimita 3.4 ili lisiingie kwenye bastola za .38. Kipimo cha juu cha shinikizo kilichowekwa na SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha na risasi kilichoanzishwa mwaka 1926, ni 17,000 psi (pauni kwa inchi mraba) kwa .38 Special ya kawaida na 35,000 kwa .357 Magnum. Zaidi ya mara mbili, kwa tofauti ya milimita tatu na kidogo. Upande wa pili, .38 inaingia vizuri kwenye bastola ya .357, na watu wengi hufanyia mazoezi risasi hiyo nafuu. Hakuna ubaya, isipokuwa kila risasi fupi inaacha pete ya masizi na madini ndani ya chemba, pale ganda linapoishia. Pete hiyo ikiachwa ikaganda, siku ukiingiza ganda refu la Magnum linakataa kuingia hadi mwisho, au linaingia kwa nguvu na mdomo wake unabanwa usifunguke kama inavyotakiwa, na shinikizo linapanda. Brashi ya shaba kwenye kila chemba baada ya kila mazoezi huondoa tatizo lote hilo.

Kuna .38 nyingine, na hii inatugusa sisi wa makoloni ya zamani ya Uingereza. Bastola za Webley na Enfield walizobeba maafisa na askari polisi wa Uingereza na makoloni yake zilitumia ganda fupi na nene la .38 lenye asili ya .38 Smith & Wesson, lisilolingana na .38 Special. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Smith & Wesson walipeleka kwa Waingereza na washirika wao bastola zaidi ya nusu milioni za aina hiyo. Vita ilipokwisha, wafanyabiashara walizinunua kwa wingi, wakatoboa chemba zake ziwe ndefu zipokee .38 Special, wakaziuza Marekani kwa bei ya kutupa. Chemba hizo ni pana kwa ganda la Special. Ganda hutoka limevimba tumbo, wakati mwingine limepasuka kwa urefu. Bastola kama hiyo bado inapatikana kwenye meza za wauza silaha za kale, na namba iliyoandikwa ubavuni haisemi ukweli wote. Maganda yaliyotoka yamevimba ndiyo yanayosema, na mtu anayejaza mwenyewe huyaona kwa sababu anayashika moja moja. Anayenunua kila kitu tayari huyatupa bila kuyaangalia.

Nije sasa kwenye meza ya kujazia, maana hapa ndipo naona ujinga unaoua. Kazi yenyewe si ngumu. Ganda lililotumika linasafishwa, linarudishwa umbo kwa kalibu, fataki ya zamani inatolewa, mpya inaingizwa, baruti inapimwa na kumwagwa ndani, kichwa, yaani kipande kinachoruka, kinakalishwa, na mdomo wa ganda unabanwa. Kwa maganda yaliyonyooka ya rivolva, kalibu yenye pete ya kabaidi, madini magumu sana, imeondoa hata haja ya kupaka mafuta. Mtu mwenye subira huelewa hatua zote katika mchana mmoja.

Hatari imejificha kwenye historia. Ganda la .38 Special lilipatikana mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya baruti nyeusi, ambayo huhitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu zaidi kwa ujazo mdogo. Kipimo cha risasi laini ya shabaha mara nyingi hakifiki gramu 0.2, na kinachukua sehemu ndogo tu ya ganda. Maana yake ni kwamba mtu aliyeitwa na simu katikati ya kazi, akarudi na kumwaga tena baruti kwenye ganda lililokwisha kujazwa, hatamwona mtu wa kumzuia: kipimo cha pili kinaingia na nafasi inabaki. Ganda la bunduki ndefu lingefurika na kumshtua. La rivolva halifuriki. Risasi hiyo ikipigwa, silinda inaweza kupasuka na kuruka na fremu ya juu. Dawa yake ni ya macho, si ya mashine: maganda yote yasimame kwenye kibao chenye matundu, taa ipigwe juu yake, na kila ganda liangaliwe ndani kabla kichwa chochote hakijakalishwa. Simu isiwe chumbani.

Kosa la upande wa pili ni ganda lisilo na baruti kabisa. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa hadi mtutuni na kukiacha hapo. Mlio unakuwa mdogo, mkono haupigwi. Kwenye bastola ya magazini, mara nyingi mtambo hukwama na kukulazimisha usimame. Rivolva haikusimamishi. Ukivuta tena, silinda inazunguka kwa uaminifu uleule, nyundo inapiga, na risasi nzima inaifuata ile iliyoziba njia. Hiyo sifa inayosifiwa, ya kutokwama, hapa ndiyo inayoumiza. Mlio wowote usio wa kawaida ni amri ya kusimama, kutoa risasi zote na kupitisha fimbo mtutuni. Mitutu yenye uvimbe wa pete katikati, ishara ya mtu ambaye hakusimama, si vitu adimu kwa mafundi.

Kuna na makosa madogo ya rivolva peke yake. Fataki isiyokaa chini kabisa hukwaruza fremu nyuma na kuzuia silinda. Mdomo wa ganda usiobanwa vizuri, hasa kwenye bastola nyepesi za alumini na titani zinazopiga teke sana, huruhusu kichwa cha risasi ambayo bado haijapigwa kitambae mbele kila jirani yake anapolia, mpaka kinatokeza mbele ya silinda na kuifunga kabisa. Hapo hakuna kuvuta tena kutakakosaidia. Ndiyo maana risasi mpya za kujaza zijaribiwe kwa kupiga tano na kuipima ya sita kwa venia, kifaa cha kupimia urefu mdogo, kuona kama imerefuka.

Vipimo vya baruti sitaviandika hapa na yeyote anayeviokota kwenye maongezi ya watu anacheza na mikono yake. Watengenezaji wa baruti na wa vichwa huchapisha vitabu na majedwali, kila baruti na kila kichwa kwa jina lake, pamoja na kipimo cha kuanzia na cha mwisho. Anza chini, panda taratibu, usibadilishe kitu kimoja ukadhani vingine vimebaki vilevile. Baruti ikae kwenye chombo chake cha kiwandani, mbali na moto, na iwepo aina moja tu mezani kwa wakati mmoja. Madini ya risasi na vumbi la fataki huingia mwilini kwa mikono na pumzi: nawa kabla ya kula, usifanyie kazi hiyo jikoni, na usichekeche maganda machafu chumba wanamolala watoto.

Watetezi wa desturi hii hupenda kusema kwamba anayejaza mwenyewe hamtegemei mtu. Miaka ya 2020 hadi 2022 ilionyesha mipaka ya dai hilo. Mahitaji yalipopanda wakati wa janga la korona, miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea madukani ilikuwa fataki, na bei yake ikaruka mara kadhaa. Kichwa unaweza kukimimina mwenyewe kwa madini yaliyoyeyushwa, ganda unalo, fataki huwezi kuitengeneza kwa usalama nyumbani, na hupaswi kujaribu. Marekani ina majina makubwa manne ya fataki: CCI, Federal, Remington na Winchester. Remington ilifilisika mwaka 2020, biashara yake ya risasi ikachukuliwa na Vista Outdoor, waliokuwa tayari na CCI na Federal, na mwaka 2024 majina hayo matatu yakauzwa pamoja kwa kampuni ya Kicheki. Watu wanaojivunia kujitegemea wanategemea milango michache kuliko mnunuzi wa mafuta ya taa. Hilo haliipunguzii kazi hii thamani. Linanifanya niseme kwamba faida yake kubwa si fedha. Faida yake ni kwamba inamlazimisha mtu kuijua silaha yake, na mtu anayejua humjeruhi mwenzake mara chache zaidi.

Polisi waliiacha rivolva kwa sababu zao, na hazina ubishi. Aprili 11, 1986, mjini Miami, maafisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wao, mkono ukiwa umeumizwa, alishindwa kuingiza risasi upya kwenye rivolva yake. Risasi zilizomaliza mapambano zilitoka kwenye rivolva ya mwenzake, lakini FBI na idara nyingi walihitimisha kwamba risasi sita na upakiaji wa polepole havitoshi. Idara ya polisi ya New York iliruhusu bastola za magazini mwaka 1993. Bastola za zamani za polisi zikamwagika sokoni, na kwa mnunuzi wa leo hizo ni fursa nzuri: nyingi zilibebwa sana na kupigwa kidogo, rangi imeliwa na ala kwa nje wakati ndani ni nzima. Mwenye haraka huchagua inayong'aa. Mwenye kujua huhakikisha kwanza haina risasi, huvuta nyundo polepole kwenye kila chemba kuona kama komeo linashika kabla nyundo haijafika mwisho, hutikisa silinda mbele na nyuma, hupitisha fila geji, na hutazama kwa taa mwanzo wa mtutu. Kwenye Model 19 za .357 za Smith & Wesson, sehemu ya chini ya mwanzo wa mtutu ilichongwa bapa ili mkono unaobeba silinda upate nafasi, na risasi nyepesi za Magnum zikipigwa kwa wingi hupasua chuma hapo. Anaponunua hiyo, taa hiyo ndiyo kipimo chake.

Umri wa bastola ni suala la usalama pia. Rivolva nyingi za kizamani, pamoja na Colt ya mwaka 1873 na nakala zake, zina nyundo inayolala juu ya fataki. Ikianguka, inaweza kulia, ndiyo maana ilibebwa ikiwa na risasi tano na nyundo juu ya chemba tupu. Smith & Wesson walibuni upya kizuizi cha nyundo mwishoni mwa 1944 baada ya baharia wa Marekani kuuawa na bastola iliyoanguka. Ruger, watengenezaji wengine wa Marekani, walibadilisha mtambo wao mwaka 1973 na hadi leo huzibadilisha zile za awali bila malipo. Anayerithi bastola ya babu bila kujua iko upande gani wa miaka hiyo anabeba hatari asiyoiona.

Kwa Waswahili walioko Marekani, sheria inahitaji neno la wazi. Kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu; kuziuza kunahitaji leseni ya mtengenezaji chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968, na majimbo yana masharti yao juu ya hapo. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki. Mwenye viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Neno risasi limo ndani ya sheria hiyo. Mwanafunzi anayemhifadhia rafiki yake boksi la risasi chumbani yuko upande mbaya wa sheria bila kuwa na bastola yoyote. Afrika Mashariki hali ni nyingine kabisa: sheria za Kenya na Tanzania huweka utengenezaji wa risasi mikononi mwa wenye leseni, na viwanda vinavyojulikana, Mzinga wa Morogoro na kile cha Eldoret, ni vya serikali. Mwenye kibali cha bastola huku asijaribu kujaza ganda hata moja.

Na droo ile ya muuzaji? Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki kila mwaka ni vya watu kujiua. Rivolva haina swichi ya usalama, haihitaji ujuzi kuilisha na iko tayari saa zote. Sifa hizo hizo zinazomvutia mnunuzi ndizo zinazoifanya isifae droo isiyofungwa katika nyumba yenye mtoto au mtu aliyezama kwenye huzuni. Sefu ndogo ya namba ina bei ya maboksi machache ya risasi. Na isikae ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na chuma hupata kutu upande usiouona.

Mwisho, jambo ambalo familia za wapenda silaha hulisahau. Anayejaza risasi kwa miaka mingi huacha maboksi anapofariki, mengine yana maandishi, mengine hayana. Watoto na wakwe huyaona kama urithi, wakayapeleka uwanjani kumkumbuka mzee. Wasifanye hivyo. Hakuna anayejua kama usiku ule simu iliita, na bastola aliyozijazia inaweza kuwa imara kuliko wanayoishika wao. Risasi zisizo na lebo ya baruti, kipimo, kichwa na tarehe, au zenye lebo ambayo hakuna wa kuithibitisha, zipelekwe kwa mtu mwenye ujuzi, vichwa vichomolewe, baruti imwagwe isitumike tena, na maganda yabaki. Ukiwa wewe ndiye unayejaza, andika lebo leo, kwa wino usiofutika, kwenye kila boksi.